Mfalme Aliibiwa, Nyapara Akabaki na Vitu Vyake

Leo tumwache Tutankhamun apumzike kidogo. Kila mtu anamjua. Barakoa ya dhahabu, hadithi za laana, filamu, fulana za watalii. Lakini wanaopenda kutuambia kwamba kaburi lake lilipatikana "zima" huwa wanaruka kipande kimoja cha hadithi: liliingiliwa na wezi. Tena angalau mara 2, muda si mrefu baada ya mazishi yenyewe. Wakubwa wa makaburi wakaja, wakarudisha vitu ndani harakaharaka, wakaziba mlango upya. Howard Carter alipofika mwaka wa 1922 alikuta hata pete za dhahabu zimefungwa ndani ya kitambaa, mzigo ambao mwizi alikuwa ameshaandaa kuondoka nao.

Ukitaka kaburi la Misri ya kale ambalo kweli halikuguswa, rudi nyuma miaka 16 kabla ya Carter, hadi Februari 1906, na utoke kabisa kwenye Bonde la Wafalme. Nenda kwa mafundi.

Kijiji chao leo kinaitwa Deir el-Medina. Kiko upande wa magharibi wa mto Nile, mkabala na mji wa Luxor. Hapo ndipo walipoishi, na familia zao, watu waliochonga na kupaka rangi makaburi ya mafarao. Kijiji cha kazi, kama zile laini za nyumba za wafanyakazi unazoona kwenye mashamba ya chai. Serikali inakupa nyumba, inakupa nafaka ndiyo mshahara wako, na wewe unajenga nyumba ya milele ya mtu mwingine.

Sasa hapo kijijini, miaka kama 3,400 iliyopita, kulikuwa na jamaa anaitwa Kha. Alikuwa msimamizi wa kazi. Mimi nitamwita nyapara kwa sababu ndilo neno ambalo kila mtu aliyewahi kushika sururu kwenye mjengo analielewa. Alisimamia kazi chini ya wafalme 3: Amenhotep wa pili, Thutmose wa nne na Amenhotep wa tatu. Babake, Iuy, hatajwi na cheo chochote, na hilo lina maana yake, kwa sababu Wamisri hawakuwa watu wa kuficha vyeo. Kama mzee angekuwa nacho, kingechongwa mahali. Kwa hivyo inaonekana Kha alipanda mwenyewe. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa 2 siwezi kujifanya sikufurahi niliposoma hapo, lakini tuendelee.

Mkewe aliitwa Merit. Walikuwa na watoto, wavulana Amenemopet na Nakhteftaneb, na msichana aliyepewa jina la mamake.

Jinsi kaburi lao lilivyonusurika ni akili tupu. Kwa kawaida mafundi wa kijiji hicho walijenga chumba kidogo cha ibada juu, kimepakwa rangi vizuri, na shimo la maziko likawa hapohapo chini yake au uani. Mwizi hakuhitaji ramani. Chumba cha ibada cha Kha kilijulikana tangu karne ya 19, na jiwe lake la kumbukumbu lilikuwa limeshafika Turin, Italia, kwenye ule mkusanyiko wa Bernardino Drovetti ulionunuliwa mwaka wa 1824. Lakini shimo la kaburi halikuwa hapo. Kha alichimbiwa kando, kwenye mwamba wa upande wa pili, na baadaye kifusi kikafunika mdomo wake. Nyapara anayejua kazi yake, na anayewajua vizuri watu anaofanya nao kazi, hawezi kuweka mlango mahali unapotarajiwa.

Maana wezi wa makaburi hawakuwa wageni kutoka mbali. Tuna karatasi za mafunjo zenye kesi zao. Mwaka wa 16 wa utawala wa Ramses wa tisa, mvunja mawe mmoja anaitwa Amenpanefer alikamatwa akakiri jinsi yeye na wenzake walivyoingia kwenye kaburi la mfalme Sobekemsaf, wakabandua dhahabu na kuchoma majeneza moto. Halafu sikia hii. Anasema aliposhikwa mara ya kwanza alitoa fungu lake la dhahabu kwa karani wa mtaa, akaachiliwa, akarudi kwa wenzake, nao wakamfidia. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Kitu kidogo kina ukoo mrefu, watu wangu.

Basi mwaka wa 1906 Ernesto Schiaparelli, mkurugenzi wa makumbusho ya Misri ya Turin, alikuwa akichimba hapo na kikosi kikubwa cha vibarua. Baada ya wiki kadhaa za kutoa kifusi wakafikia shimo, ngazi, na kuta za mawe zilizozibwa. Nyuma ya kuta hizo kulikuwa na ujia, na mwisho wa ujia kulikuwa na mlango wa mbao. Umefungwa. Mbao zake zilikuwa bado na rangi changa kana kwamba fundi ameondoka asubuhi hiyo. Arthur Weigall, Mwingereza aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale eneo hilo, alikuwepo, na baadaye alisimulia kwamba mlango ulionekana mpya kiasi kwamba Schiaparelli aligeuka akamwomba mtumishi wake ufunguo. Mtumishi naye, bila kucheka, akamjibu kwamba hajui uko wapi. Ikabidi watumie msumeno mdogo.

Ndani kulikuwa na vitu zaidi ya 440. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Yaani aliyetoka wa mwisho alifagia nyayo zake akirudi nyuma, akafunga mlango, basi. Taa ya shaba ilikuwa imesimama na majivu yake.

Sasa vitu vyenyewe. Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu kaburi la mfalme linakuonyesha utajiri wa dola, lakini hili linakuonyesha mtu alivyopakia nyumba yake.

Kuna chupi. Ndiyo, chupi: vitambaa vya kitani vya kufunga kiunoni, vimekatwa pembetatu, karibu 50, pamoja na kanzu fupi na nzito za baridi. Nyingi zina alama ndogo ya Kha, ile ya kumwambia dobi kwamba hii ni ya fulani. Kama uliwahi kukaa bweni na kuandika jina kwenye kola ya shati, unajua kabisa alikuwa anaogopa nini.

Kuna chakula. Mikate ya kila umbo, mingine imetengenezwa kama mnyama. Vitunguu, vitunguu saumu, bizari nyembamba. Tende, tini, zabibu, na makoma, yaleyale matunda magumu ya mti wa mkoma. Nyama iliyotiwa chumvi, mitungi ya mvinyo, mafuta. Mwaka wa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pisa na wenzao wa makumbusho walifanya kitu ambacho kilinishangaza kuliko dhahabu yoyote: walichukua baadhi ya mitungi hiyo, mingine bado imezibwa, wakaitia ndani ya mifuko ya plastiki kwa siku kadhaa, kisha wakapima harufu iliyokusanyika. Hawakufungua wala kukwangua kitu. Wakapata dalili za nta ya nyuki, samaki mkavu, unga wa shayiri, matunda. Baada ya miaka 3,400 chakula cha mtu bado kinatoa harufu, na mashine inaisoma.

Kuna vitu vya Merit. Wigi lake refu la nywele za binadamu, zimesukwa vizuri na bado zinang'aa kwa mafuta, ndani ya sanduku lake maalum. Kibweta cha vipodozi chenye vyombo vya mafuta na kichupa cha wanja. Kitana. Na kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka, mto wa mbao umeviringishiwa kitambaa ili usimuumize kichwa. Mtu fulani alikitandika. Mimi hapo ndipo niliposimamisha kusoma kwa muda.

Na kuna vifaa vya kazi. Tezo, patasi, keekee, wembe, mizani, vibao vya kuandikia vyenye wino. Halafu kuna dhiraa 2. Dhiraa ni kipimo ambacho wazee wetu wa Pwani walipimia nguo, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na Wamisri walikuwa na yao ya kifalme: sentimita 52 na kidogo, viganja 7, kila kiganja vidole 4. Dhiraa moja ya Kha imefunikwa dhahabu na ina jina la Amenhotep wa pili. Hiyo ni zawadi ya mfalme, hakuna fundi anayepimia ukuta na kitu kama hicho. Ile nyingine ni ya mbao tupu, ina bawaba katikati ili ikunjike, na ina mkoba wake wa ngozi. Hiyo ndiyo alitembea nayo. Ukiniuliza ipi ni ya thamani, ile ya dhahabu inaniambia mfalme alimwona Kha, ile ya mbao inaniambia Kha alikuwa nani. Ningeibeba ya mbao.

Lakini tusianze kumfanya Kha mtakatifu. Alipenda makuu pia. Baadhi ya fanicha zake zimepakwa rangi kuiga mbao ghali zilizotiwa pembe za ndovu. Yaani feki, kwa Kiswahili safi. Kiti cha mbao za kawaida kinavaa sura ya kiti cha ikulu. Na pia alizikwa na kisanamu cha shabti, mtumishi wa kumfanyia kazi akhera, akiwa na vifaa vyake vidogo vya shambani. Umekuwa nyapara maisha yako yote, unakufa, na bado unataka mtu wa kukulimia.

Hapo sasa ndipo ninapotofautiana na video nyingi nilizoona kuhusu kaburi hili, zile zinazoliita "kaburi la mwananchi wa kawaida." Si kweli. Mwananchi wa kawaida hapewi dhiraa ya dhahabu na farao. Hazikwi na kitabu cha wafu cha karibu mita 14. Picha za eksirei zilizopigwa mwaka wa 1966 zilionyesha kwamba ndani ya sanda Kha amevaa mkufu wa dhahabu wa heshima, ule ambao mfalme aliwavisha watu wake. Kha ni tabaka la kati la juu, mtu aliyetoka chini akafika mahali. Waliobeba mawe chini yake hawakupata chumba chenye mlango na komeo.

Waliobeba mawe tunawapata mahali pengine, kwenye vigae. Mafundi wa Deir el-Medina waliandika kila kitu kwenye vipande vya chokaa na vyungu vilivyovunjika, vimepatikana kwa maelfu. Kuna kimoja cha mwaka wa 40 wa Ramses wa pili, kiko London, ambacho ni rejista ya waliokosa kazini na sababu zao: huyu anaumwa, huyu ameumwa na nge, huyu anapika pombe. Na kwenye hayohayo makumbusho ya Turin wanakolala Kha na Merit kuna karatasi ya mafunjo inayoeleza mgomo. Mwaka wa 29 wa Ramses wa tatu, kama miaka 200 baada ya Kha, nafaka ya mshahara ilichelewa, mafundi wakaweka vifaa chini, wakatoka kijijini wakaenda kukaa kwenye mahekalu wakisema wana njaa. Ndio mgomo wa kwanza duniani ambao maandishi yake tunayo. Huwezi kuangalia mikate ya Kha bila kukumbuka kwamba kwa vizazi vya baadaye katika kijiji hichohicho, mkate ndio uliokuwa tatizo.

Merit pia hakupata sawa na mumewe. Mwanaakiolojia Lynn Meskell alipovitenganisha vitu kulingana na mwenyewe, vya Kha vilikuwa vingi mara kadhaa kuliko vya Merit. Alifariki kwanza, akiwa bado kijana. Utafiti wa miili yao uliotoka mwaka wa 2015 unamkadiria kati ya miaka 25 na 35, na Kha kati ya 50 na 60. Inaonekana kifo chake hakikutarajiwa, kwa sababu jeneza alilolazwa lina jina la Kha. Lilikuwa la mumewe. Merit ni mdogo, jeneza ni kubwa, kwa hivyo wakajaza shuka na vitambaa pembeni ili mwili usichezecheze. Unaweza kulisoma hilo kama ubahili. Mimi nalisoma kama mtu aliyetoa jeneza lake mwenyewe kwa sababu hakukuwa na muda wa kuchonga jingine, halafu akaishi miaka mingi akijua yeye amelala wapi.

Nikisema "miili", naepuka neno mumia kwa makusudi. Huku kwetu neno hilo lilipopita Pwani likawa mumiani, na bibi yako akikwambia kuna mumiani anamaanisha watu wa kukunyonya damu wakauze dawa. Asili ni moja, ile dutu nyeusi iliyouzwa kama dawa, na Ulaya kwa karne nyingi walisaga maiti za Misri wakazinywa kweli. Kwa hivyo bibi hakuwa mbali sana na ukweli. Kha na Merit wao walibahatika: hadi leo hakuna aliyewafungua sanda. Kila tunachojua kuhusu miili yao na mapambo yao kimetoka kwenye mashine.

Bahati hiyo haikufika kwa kaburi lenyewe. Vitu vilivyokaa mahali pake miaka 3,400 viliondolewa kwa siku 3. Siku 3! Carter alichukua karibu miaka 10 kumaliza kwa Tutankhamun, akipiga picha na kupa kila kitu namba. Kwa Kha picha za ndani zilizopigwa ni chache, na Schiaparelli hakuchapisha kitabu chake hadi mwaka wa 1927, miaka 21 baadaye, mwaka mmoja kabla ya kufa. Unajua ukihamishwa nyumba na watu wanaoharakisha: vitu vyote vinafika, lakini hakuna anayekumbuka ni kipi kilikuwa juu ya kipi, kipi kilikaa karibu na kitanda cha mama. Wezi wa kale wangechukua dhahabu na kuacha mikate. Wasomi walichukua vyote, na bado sehemu ya habari ikapotea.

Na vilienda wapi? Karibu vyote Turin. Kisheria hakuna aliyeiba, hilo nikubali. Siku hizo aliyechimba aligawana na serikali ya Misri. Lakini angalia serikali yenyewe. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1882. Idara ya mambo ya kale iliongozwa na Mfaransa, Gaston Maspero. Mkaguzi ni Mwingereza, mchimbaji ni Mwitaliano. Mkutano wa kugawana urithi wa Misri, na mwenye Misri hayupo mezani. Wamisri walikuwepo, tena wengi, wakiwa shimoni na vikapu. Majina yao hayamo kwenye simulizi. Yule mtumishi aliyejibu kuhusu ufunguo, mtu mwenye mstari mzuri kuliko wote kwenye hadithi nzima, naye hana jina.

Nimeona watu wakijibu kwamba Turin wamevitunza vizuri. Ni kweli wamevitunza. Wigi liko, mikate iko, na lile jaribio la harufu lilifanyika kwa sababu mtu alikuwa makini kutofungua mitungi. Lakini kutunza vizuri ni hoja kuhusu rafu na joto la chumba, haijibu swali la nani aliamua. Kha alificha mlango wake ili yeye na Merit na vitu vyao wakae pamoja hapo, mwambani, karibu na kijiji. Pamoja bado wapo, ila Italia.

Misri ilibakishiwa vichache. Kimojawapo ni ile taa ya shaba iliyokutwa na majivu yake. Iko Cairo.